Nilisema Lupusi, Wakasikia Ruhusa

Wewe ambaye mashavu yamekuwa mekundu bila homa, na watu wameanza kukutazama kwa jicho la pembeni, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi ni Subilaga, mama yake Lwitiko, wa Ipyana. Shule niliishia darasa la nne, lakini kalamu naijua, na jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. Naandika asubuhi zile ambazo vidole vimekubali kukunjika, ndiyo maana nilianza mpunga ukipandwa na sasa unavunwa.

Ya damu inavyopimwa sitayaeleza, yana wenyewe. Nitakueleza ya kazi. Ugonjwa huu ulinikuta kazini, ukanitoa kazini, na katika yote niliyofanyiwa hilo ndilo sijalisamehe. Na utaona huko mbele kwamba si ugonjwa peke yake ninaousema.

Nilikuwa kibarua kwenye mashine ya kukoboa mpunga, barabara ya kuingia Kyela mjini. Kibarua wa kudumu, si wa kuokotwa getini asubuhi. Mwenye mashine ni Bwana Seif, mfanyabiashara wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, mtu wa salamu nzuri na maneno machache. Kazi ya uani alimwachia msimamizi wake, Gwakisa. Huyu Gwakisa nimembeba mgongoni. Mama yake, marehemu Tupokigwe, tuliimba kwaya moja, sauti ya pili, na mtoto akilia wakati wa mazoezi ni mimi niliyekuwa namchukua nje kumbembeleza. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wangu wa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mpunga ukija na unyevu kutoka mashambani, unaanikwa juu ya maturubai, jua kali. Kila turubai lina wanawake wawili. Mnaugeuza kwa nyayo, mnaburuza miguu kwenda na kurudi mpaka mistari inajichora kama shamba lililopita jembe la ng'ombe. Kila baada ya muda unatia punje mdomoni unaing'ata. Ikilia, imekauka. Ukiuacha juani kupita hapo, mashineni unakatika, unatoka chenga. Na mvua ya kwetu ninyi wa kwingine hamuijui: jua linawaka, huku upande wa ziwa wingu limekwisha simama. Hapo wote mnaruka kuanua, huyu anakusanya, huyu anakunja. Jua likipungua ndipo mnaingia ndani ya banda, mnakaa chini, mnapeta na kuchambua mchele uliokobolewa.

Mwenzangu wa turubai alikuwa Sekela, wa Ndandalo. Tuligeuza pamoja miaka mingi mpaka nyayo zetu zikajuana. Wanawake wa pale walikuwa na utani wao: turubai ni mume, na nyie wawili ni wake wenza. Sekela akifika kabla yangu alinipigia kelele kutoka mbali, "Gwe Subi! Mume amelala kwangu, wewe utakuta shuka tupu!" Nami namjibu, "Mzee huyo hana meno, lala naye tu." Tunacheka, tunavua ndala, tunaanza. Naandika hili ili ujue kwamba pale hapakuwa mahali pa mateso. Palikuwa mahali pangu.

Ugonjwa ulianzia vidoleni, mvua kubwa zilipokuwa zinaisha. Naamka asubuhi mikono imekaa kama miguu ya kuku aliyechinjwa, haifungi wala haifunguki. Nikawa naitumbukiza kwenye maji ya moto kabla sijaonana na mtu. Vikafuata vidonda vya mdomoni. Punje ya mpunga nikiing'ata machozi yananitoka, nikawa namwambia Sekela, "Ng'ata wewe, mimi jino linanisumbua." Ukaja uchovu, na huo sina namna ya kuusema. Uchovu wa jembe ukilala unaondoka. Huu nilikuwa nikiamka naukuta umenitangulia kuamka.

Mwisho yakaja mashavu. Yaliwaka mekundu huku na huku, na juu ya pua wekundu ukayaunganisha, kama mtu aliyezabwa vibao viwili na mwenye mikono mikubwa. Nikikaa juani yanazidi. Na hapo ndipo watu waliponisoma, maana huku kwetu mashavu mekundu juu ya uso mweusi yanajulikana yanatoka wapi: mkorogo. Wasichana wanaojichubua, krimu ikiwaunguza, huwa hivyo hivyo.

"Jamani, na Bibi Subi naye!" alisema mmoja wetu, Enelika, mwenye mdomo kuliko wote pale uani. "Umri huu unamtafuta nani?"

"Labda Gwakisa," alidakia mwingine, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Nilicheka nao. Ungefanya nini? Nikanawa uso, nikasema ni joto.

Nilikwenda zahanati, nikatibiwa malaria. Nikarudi, nikatibiwa taifodi. Nikarudi tena, nikaambiwa, "Bibi, huo ni uzee." Nyumbani wakalipokea hilo la mwisho kwa mikono miwili. Mwanangu Lwitiko, anayeendesha bodaboda, akasema, "Mama, si uache tu? Kaa." Mkwe wangu Tumpe, yeye nilimsikia anavyokwangua sufuria. Huku mwanamke akikaa mchana kutwa mikono mapajani, hata awe bibi, anatazamwa. Nikaendelea kwenda kwenye mashine.

Mpunga ulipojaa maghalani miguu yangu ilikuwa imevimba mpaka viatu vya kanisani havinienei, na mkojo ukawa na povu. Asubuhi moja sikuweza kuinuka. Lwitiko akanipakia kwenye basi la Mbeya.

Mtu wa ziwani ukimpeleka Mbeya ni kama umemtia kwenye mtungi wa maji. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nimejifunga kanga juu ya kanga, na juu yake koti la Lwitiko linalonuka petroli. Tulikuwa wengi. Benchi la hospitali lina heshima yake: kila anayeitwa, mliobaki mnasogea kidogo, mnapashwa moto na mahali alipokaa. Nikasogea, nikasogea, nikajikuta nimekaa ubavuni kwa dada mmoja, mwalimu, jina lake Neema, mashavu yake kama yangu. Nilimtazama, akanitazama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Na wewe walikwambia unajichubua?"

Nilimshika mkono nikalia mbele za watu. Hiyo ndiyo rehema ya kwanza niliyoipata katika ugonjwa huu, na ilitoka kwa mgonjwa mwenzangu.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniambia mwili wangu umegeuka, unajipiga wenyewe, na jua ndilo linalouchokoza. Nikamwomba alitaje tena jina la ugonjwa ili nilishike. Lupusi. Nikalirudia mpaka likakaa.

"Unafanya kazi gani, bibi?"

"Naanika mpunga."

Akaacha kuandika. "Hapo kazini hakuna kazi ya kivulini?"

"Ipo. Kuchambua."

"Basi omba hiyo."

Alivyosema, ilikuwa kama kwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Nikalazwa. Nikamwambia Lwitiko ampigie Gwakisa simu, wasije wakasema nimetoroka. Alipiga pale pale kwenye korido, watu wanapita, na upande wa pili mashine inanguruma mpaka mimi kitandani naisikia. "Mama hatakuja kwanza!" alipaza sauti. "Yuko Mbeya! Ana lupusi! Ndiyo! Lupusi!" Halafu akatazama simu. "Imekatika. Lakini amesikia, mama. Amesema sawa."

Sasa sikiliza. Sisi Wanyakyusa r inatupiga chenga. Ruhusa kwetu ni luhusa tangu utotoni, hata mchungaji akiwa madhabahuni. Neno lupusi pale mashineni hapakuwa na mtu aliyewahi kulisikia. Gwakisa, katika ngurumo ile, akasikia neno analolijua. Akatoka uani akawatangazia wanawake, "Bibi Subi yuko Mbeya. Anasema ana luhusa."

Nilikaa wodini majuma. Vidonge walivyonipa vinavimbisha uso. Siku niliporudi Kyela uso ulikuwa umejaa, ngozi inang'aa, na mkononi nimeshika kopo la mafuta ya kuzuia jua, yale wanayopewa watu wenye ualbino. Mtazame sasa mtu huyo kwa macho ya wenzake. Aliondoka na mashavu mekundu, akajipa ruhusa mwenyewe, akakaa Mbeya mpaka akanona, akarudi na krimu.

"Ugonile, Bibi Luhusa!" Enelika alinisalimu kabla sijavuka geti. "Mbeya kumekupenda! Huyo bwana anakulisha nini, na sisi tumfuate?"

Wakacheka uani kote. Kwenye turubai letu alikuwepo mwanamke mgeni, Bupe, anaburuza miguu nyuma ya Sekela. Sekela hakunipigia kelele yetu. Alisema, "Karibu," kama unavyomkaribisha mtu wa kanisa jingine.

Nilimfuata Gwakisa kwenye mizani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani alikwambia nina ruhusa?"

"Lwitiko, kwa mdomo wake. Nataka kumuuliza luhusa kapewa na nani, simu ikakatika."

"Alisema lupusi."

"Ndiyo nini?"

"Ni ugonjwa."

Akanitazama uso, ule uso uliojaa. "Mama, ugonjwa gani unanenepesha?"

Nikampa karatasi ya daktari. Aliisoma yote, sitamsingizia. Akaikunja vizuri akanirudishia. "Hapa wameandika wewe ujiepushe na jua. Hawakuandika mimi nikuepushe."

"Niweke bandani nichambue. Kutwa nzima nichambue tu, wenzangu wageuze. Mtu wa kuchambua si anahitajika?"

"Mama, kuchambua ndiko kupumzika kwao. Nikikupa wewe kivuli chote, kesho kila mmoja ataniletea lupusi yake. Hapa hakuna kazi ya kivuli. Kuna kazi."

Alisema taratibu, kwa adabu, mikono ameishika pamoja mbele, kama mama yake alivyomfundisha kusimama mbele ya mkubwa.

Nikaenda kwa Bwana Seif mwenyewe, dukani kwake. Alisimama kunipokea, akaniagizia soda ya baridi, akanipa pole, na naamini ilikuwa pole ya kweli. "Bibi, umefanya kazi sana. Kapumzike. Wanao si wapo?"

"Wapo. Lakini sikuja kuomba mapumziko. Naomba kivuli."

"Mambo ya uani anayajua Gwakisa, bibi. Mimi siwezi kumwingilia."

Nikamaliza soda. Mpaka leo soda ya rangi ile siiweki mdomoni.

Gwakisa alikubali nirudi kwa Sekela, Bupe akasogezwa turubai jingine, ila alisema, "Kama wengine wote, mama." Nikajaribu kuwa kama wengine. Nilijipaka mafuta, nikavaa blauzi ya mikono mirefu, soksi mikononi, kitambaa mpaka kwenye nyusi, mwavuli juu. Wanawake wakaacha kugeuza. "Mwali anatolewa!" mmoja akaita, wakapiga vigelegele. Mwali, mimi mwenye wajukuu. Enelika akaja mbele yangu akicheza kama somo anayemtoa mtoto wake ndani. Hata Gwakisa alicheka kule kwenye mizani.

Mwenye mwavuli anaweza kugeuza kwa miguu. Kuanua hawezi. Wingu likitokea naweka mwavuli chini, napiga magoti, nakusanya kwa vidole visivyofunga, na ninapoinua macho Sekela amekwisha kukusanya upande wake na nusu ya wangu. Hakulalamika. Ndivyo nilivyojua mambo yameharibika, maana Sekela wa zamani angenitukana.

Siku moja mvua ikatuwahi. Maturubai yote yalikwisha kukunjwa, letu peke yake likabaki limefunuka, mpunga unaelea kama shambani. Gwakisa akatukata malipo ya siku hiyo, wote wawili. Sekela alikaa ukutani akakamua kanga yake.

"Gwe Subi," akasema, pole pole. "Mimi nakupenda. Lakini nina wale yatima wa dada yangu wananitazama mimi. Nikibaki na wewe tutaangamia wote."

"Unadhani najifanya?"

"Sijui. Nikitazama mikono yako naona unaumwa. Nikitazama uso naona umenona. Nishike lipi?"

Mpaka leo sina jibu la swali la Sekela. Ugonjwa wenyewe ndio uliomdanganya, haukutaka kuonekana mahali pamoja.

Kesho yake alikuwa na Bupe. Enelika akasema mume ametoa talaka. Mimi nikapewa turubai dogo la pembeni, peke yangu, karibu na pumba, na ninakiri nililigeuza kwa hasira kuliko kwa nguvu. Kiangazi kilipokomaa, hata umande wa asubuhi ukakoma, nikaanguka juu ya mpunga. Nimeambiwa aliyenibeba mpaka barabarani ni Enelika, Enelika yule yule, na kwamba alikuwa analia kwa sauti. Hilo nalo nimeliandika, maana ni haki yake.

Safari hii figo ziliguswa. Vidonge vikaongezwa. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana kama manyoya ya kuku, nikaacha kuchana. Na njaa! Daktari aliniambia dawa italeta njaa, ila hakuniambia ni njaa ya namna gani. Namaliza sahani ya wali, mkono haujakauka maji ya kunawa, njaa inabisha hodi tena. Sasa fikiria, umekaa kwa mkweo, huendi shamba, huendi kazini, na unakula kama vijana waliotoka kupalilia. Nikawa naona haya hata kuitazama sufuria. Wakipakua natoka nje, najifanya natafuta kuku.

Siku moja nikiwa nyuma ya jiko nilimsikia Lwitiko akimwambia mkewe, "Mama anakula kama mtu asiyeumwa kabisa." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayelitazama gunia linavyoshuka.

Tumpe akamjibu, "Dawa ndiyo inakula. Hukumsikia daktari? Au ulisikia luhusa?"

Tangu siku hiyo, kila saa za alasiri nilikuta bakuli juu ya kinu, limefunikwa, ndizi za kupika na kipande cha samaki wa ziwani, mbasa. Tumpe hakuniita, wala hakunitazama nikila. Bakuli tupu nilikuwa naliosha nalirudisha, naye analipokea kama hajui lilikuwa wapi. Kwaya nzima haijawahi kunifanyia jambo zuri kama lile bakuli.

Kliniki nikawa naendelea kwenda Mbeya, mvua zikaja zikapita, na benchi likawa kama ukoo. Neema yule mwalimu alinisimulia yake. Yeye ameajiriwa, ana mkataba, hafukuziki. Lakini mkuu wake wa shule, akijua kabisa, alimpangia kusimamia michezo uwanjani jua la mchana. "Hawanifukuzi, bibi," aliniambia. "Wananichosha, ili niondoke kwa miguu yangu mwenyewe, waniandalie na keki." Alikuwepo pia Bi Zuhura, fundi cherehani wa Kyela mjini, anashonea barazani kwake. Yeye alicheka. "Mimi bosi wangu ni mimi. Vidole vikigoma nafunga mlango. Wateja wananitukana, halafu wanarudi." Neema akamwambia, "Una bahati." Bi Zuhura akaacha kucheka. "Bahati! Nimeanza kushona baada ya kutolewa kiwandani, mwanangu. Sikuchagua."

Kwa hiyo wewe unayesoma, haya ndiyo niliyokusanya. Kwa mkubwa wako wa kazi usitume mtu, nenda mwenyewe, na nenda ungali umesimama. Taja jina la ugonjwa wako, halafu mwambie arudie alichosikia. Usiondoke hajarudia. Akilitaja vibaya, litaje tena, hata akikuona msumbufu. Omba kivuli mapema. Na wakikunyima, usibaki juani kuwaonyesha kwamba wewe si mvivu. Mimi nilibaki. Hakuna aliyeniona si mvivu, na figo zangu hazikurudi zilivyokuwa.

Sasa siumwi sana. Uso umepungua, Lwitiko anasema nimerudi kuwa mama yake. Vidole ndivyo vilivyokataa. Viwili vya kulia vimepinda upande, havishiki kitu chepesi wala kizito.

Masika yaliyopita mvua zilikuja vibaya huku kwetu, mito ikatoka njiani, na uani kwa Bwana Seif mzigo mkubwa wa mpunga ukalowa kabla haujaanuliwa. Ukaota ukungu. Mnunuzi akaja, akanusa, akaondoka. Kabla msimu haujaisha palijengwa paa la mabati, refu, likafunika nusu ya ua, chini sakafu ya saruji. Nilipita nikienda kupanda basi la kliniki, nikamwambia Lwitiko asimamishe pikipiki. Chini ya paa walikaa wanawake wanachambua, asubuhi, jua likiwa kali nje. Wamepangwa wa kuchambua kutwa, na wa kugeuza kutwa. Sekela alikuwa kivulini. Akanipungia ungo.

Nilikuwa nimewaomba kivuli cha mtu mmoja. Mpunga haukuomba, uliota ukungu tu, wakaujengea nyumba.

Jumapili moja baada ya ibada Gwakisa akaja nyumbani, na kilo ya sukari mkononi. Tumpe alikuwa anamenya ndizi, Lwitiko anaosha pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu kiti."

Alikaa pembeni ya kiti, kama mtu aliyekuja kuposa. "Mama, kuna nafasi. Kuchambua tu, chini ya paa. Jua halikugusi hata kidogo. Bosi mwenyewe amekutaja jina. Hata kesho ukitaka."

Tumpe akaacha kumenya. Lwitiko akafunga maji. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu siku ile kwenye mizani, na lilipofika moyo wangu, mjinga, ukaruka.

"Tumpe, mwanangu, niletee ungo. Weka na mchele."

Akaleta. Niliushika, nikakaza viwiko ili visaidie vidole, nikapeta mara moja. Ungo ukalala upande. Mchele ukamwagika mapajani na chini, na kuku wakaja mbio. Hakuna aliyewafukuza.

Gwakisa alitazama mikono yangu. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama badala ya uso. "Pole mama," akasema. Kisha, "Sasa bosi nimwambie nini?"

"Mwambie nina ruhusa."

"Mama, jamani..."

"Ruhusa, Gwakisa. Safari hii umesikia sawasawa. Rudia nisikie."

Akainamisha kichwa. Kuku walikuwa wanadonoa miguuni pake.

"Ana luhusa," akasema.